Samaki wa euro saba aliyetugombanisha

Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 57, mweka hazina wa jumuiya yetu hapa Moshi. Mwezi wa kumi mwaka 2025 tulikwenda hija Roma watu wanane, kwa ajili ya Mwaka Mtakatifu. Tulichangishana miaka miwili mizima: wengine waliuza ndizi, wengine waliuza mbuzi. Tulipita Milango Mitakatifu ya makanisa makuu yote manne. Tulisali kwenye kaburi la Papa Fransisko kule kanisa la Maria Mkuu, na hadi leo nikiikumbuka saa ile machozi yananilengalenga.

Siku ya tatu ndipo mambo yalipoharibika. Tulikuwa tumeshinda kwa mkate na matunda tangu tufike, na wenzangu wakasema leo tukae mezani kama watu. Tukaingia mgahawa mmoja karibu na Vatikani, wenye meza za nje na picha za vyakula mlangoni. Menyu nikapewa mimi kwa sababu ndiye niliyeshika mfuko wa safari na ndiye ninayejua Kiingereza kidogo. Nikaona samaki wa siku, bei 7,00. Pembeni palikuwa na neno "l'etto". Nilidhani ni jina la samaki au namna ya kumpika. Nikapiga hesabu: watu wanane mara saba, euro 56. Nikawaambia, "Agizeni, bei ni nzuri."

Mhudumu akaleta samaki wawili wabichi kwenye sinia, wakubwa, akawainua kidogo, akaongea Kiitaliano huku akinitazama. Tulifurahi. Mzee mmoja wetu akapiga picha. Mimi nikatingisha kichwa kwamba ni wazuri. Wakapikwa, wakaletwa, tukala pamoja na viazi na mboga, tukamshukuru Mungu.

Bili ikaja: euro 295.90. Risiti ninayo bado. Samaki 217, viazi na mboga 24, maji 12, "pane e coperto" 16, na "servizio" asilimia 10, yaani 26.90. Nilipouliza, mhudumu alirudi na menyu akanionyesha kwa kidole lile neno la pembeni, halafu mstari wa herufi ndogo chini kabisa uliotaja mkate na huduma. Watu wa meza nyingine walikuwa wanatutazama. Kwa aibu nikalipa.

Zile zilikuwa fedha za treni ya kwenda Assisi kesho yake. Assisi hatukwenda tena. Yule mzee aliyepiga picha alikuwa ameweka nia ya kumwombea marehemu mkewe kwenye kaburi la Mtakatifu Fransisko. Hajanisema neno hata moja, na ukimya wake ndio unaoniumiza kuliko yote. Mama mwingine ndiye anayesema, tena mbele ya watu, kwamba nilielewana na mhudumu nikapewa changu. Nimekuwa mweka hazina miaka tisa, Shangazi, na sijawahi kupungukiwa hata shilingi.

Naomba unijibu mambo matatu. Je, tuliibiwa? Je, nirudishe mfukoni mwangu zile euro 240 zilizozidi? Na mwezi wa tano nakwenda Houston kwa binti yangu anayetarajia kujifungua. Nitajikingaje nisirudie kosa hili huko Marekani? Naogopa hata kushika menyu.

Mama Mweka Hazina, Moshi

*

Milele amina, mama, na marahaba.

Nilikaa Roma miaka minne, na miwili kati ya hiyo nilikuwa naosha vyombo kwenye jiko la mgahawa. Sinia kama lile ulilolisimulia nimeliona likitoka mlangoni mara nyingi sana. Kwa hiyo niruhusu nianze na samaki.

"Etto" ni kipimo cha gramu mia. Muitaliano hununua jibini, nyama iliyokaushwa na zeituni kwa etto, kama wewe unavyonunua dagaa kwa kisado. Samaki mzima mgahawani huuzwa vivyo hivyo: bei iliyoandikwa ni ya gramu mia, na anapimwa akiwa mbichi, na kichwa chake, na miiba yake. Wengine huandika "€/hg", maana yake ni ile ile. Sasa igawe 217 kwa saba. Unapata 31, yaani kilo tatu na gramu mia moja. Samaki wawili wakubwa, kila mmoja kilo moja na nusu na ushei, kwa watu wanane. Hesabu imekaa sawa, mama. Kwenye samaki hamkuibiwa.

Najua jibu hilo halikupozi. Lakini angalia ile dakika ya sinia, kwa sababu ndipo biashara yote ilipofanyika. Kwa desturi ya kule, mhudumu haleti samaki mbichi mezani ili mumsifu. Analeta ili mkubaliane: ndiye huyu, ana ukubwa huu, nimpeleke jikoni? Pengine alitaja uzito kwa mdomo. Ulipotingisha kichwa, kwake ulikuwa umesema ndiyo. Laiti ungeuliza maneno mawili tu, "Quanto pesa?", yaani ana uzito gani, angekutajia. Ungeweza hata kumpa kalamu na karatasi akuandikie jumla. Na ungeona ni mkubwa mno, ungemwambia alete mdogo, wala asingekasirika. Hiyo ndiyo kazi ya lile sinia.

Tena jambo hili si geni kwetu. Ukienda kula mbuzi choma hapo Moshi, unaanzia buchani. Unachagua paja au mbavu, unasimama mbele ya mizani, unamwambia muuzaji apunguze ule mfupa, unalipa, ndipo nyama inakwenda motoni. Hakuna mtu mzima anayekula kwanza halafu akauliza ilikuwa kilo ngapi. Roma ni bucha lile lile, ila mizani imefichwa jikoni na muuzaji amevaa aproni nyeupe. Ugeni ndio uliokufunga mdomo, pamoja na ile heshima yetu ya kuona kwamba kuuliza bei mbele ya wageni ni kuonyesha umaskini. Kule si hivyo. Nimewaona Waitaliano wenyewe, watu wa suti, wakiuliza uzito wa samaki kabla hajaondoka mezani, tena kwa sauti.

Kumbuka na herufi nyingine mbili: "S.Q." Ukizikuta mahali ambapo ingekaa bei, maana yake bei itategemea kiasi utakachochukua. Kamba wakubwa huandikwa hivyo sana. Na ile nyama maarufu ya Firenze, "bistecca alla fiorentina", nayo ni ya kupimwa, na kipande kimoja aghalabu kinafika kilo au kupita.

Viazi na mboga, euro 24, ni halali. Hapa Waafrika wengi tunateleza. Kwetu ukisema samaki, umesema na ugali, na mchicha, na kachumbari pembeni. Sahani ni moja na bei ni moja. Kwa Muitaliano samaki huja peke yake. Chochote cha kusindikiza kinaitwa "contorno", kina mstari wake kwenye menyu na bei yake. Hata nyumbani kwake anakula hivyo, vyakula vikifuatana, kila kimoja na sahani yake.

Maji ni halali pia, kwa sababu mliletewa ya chupa. Ila siku nyingine ukiwa Roma, jaza chupa zako barabarani. Kuna mabomba madogo ya chuma yanayoitwa "nasoni", yapo zaidi ya elfu mbili jijini, yanatiririka usiku na mchana, na maji yake ni safi ya kunywa bila kulipa senti. Yamekuwapo tangu miaka ya 1870. Ninasikitika kila nikimwona hujaji ananunua chupa hatua kumi kutoka kwenye bomba.

Sasa "pane e coperto". Hapa ndipo ulipokuwa na haki ya kusimama. "Coperto" ni tozo ya kukaa: kitambaa cha meza, kijiko, uma, kikapu cha mkate. Ukienda Venezia au Firenze utaikuta, euro mbili hivi au tatu kwa kila kichwa, na ikiwa imeandikwa kwenye menyu unailipa. Lakini Roma iko mkoa wa Lazio, na mkoa huo ulipiga marufuku coperto kwa sheria ya mwaka 2006. Mkate unaweza kuuzwa, kwa kuwa mkate ni chakula, na asiyeutaka anaukataa. Mikahawa mingi ikabadilisha neno ikawa inaandika "pane" peke yake. Wenu waliandika yote mawili na kuwatoza wote wanane. Ungekuwa na haki ya kusema kwa upole tozo hiyo iondolewe, na tangu mwanzo ungeweza kurudisha kikapu cha mkate bila mtu kukuona mkorofi. Lakini ni euro 16, mama. Treni ya Assisi haikuzuiwa na mkate.

"Servizio" ni malipo ya huduma. Ikiwa imeandikwa kwenye menyu, hata kwa herufi za sisimizi, wana haki ya kuidai, na ukishaitoa huna deni la bakshishi. Mtu asikudanganye ulipe mara mbili.

Wizi wenyewe upo, na nikusimulie mmoja ili uone tofauti. Mwaka 2009, Roma hiyo hiyo, karibu na Piazza Navona, mume na mke kutoka Japani walikula chakula cha mchana wakaletewa bili ya karibu euro 700, na ndani yake bakshishi ya zaidi ya euro 100 iliyojazwa bila wao kuulizwa. Wakaripoti, na mamlaka zikaufunga ule mgahawa. Huo ndio wizi: mtu kuongeza kitu ambacho hakimo kwenye menyu wala hukukiagiza. Ukikutana nao, usizozane na mhudumu. Dai risiti rasmi ya kodi, ipige picha pamoja na menyu, na useme unapiga simu 117, ambayo ni ya polisi wa fedha na kodi. Nilivyoona mimi, kuitaja tu namba hiyo kulitosha.

Njia nzuri zaidi ni kumaliza mambo ukiwa bado nje. Mikahawa ya Italia hubandika menyu yenye bei mlangoni, na hapo mlangoni ndipo pa kufanyia hesabu, bila mhudumu kusimama kichwani. Soma kwanza mistari ya chini kabisa, halafu ndiyo upande kwenye vyakula. Tafuta maneno manne: coperto, pane, servizio, etto. Ukiona nyota ndogo kando ya jina la samaki, ujue alikuwa wa kugandishwa. Lazima waonyeshe hivyo. Mahali pasipo na menyu nje, na kijana amesimama barabarani anakuvuta mkono, piteni. Hata kahawa ina desturi yake: ukinywa umesimama kaunta, "al banco", unalipa kidogo; ukikaa mezani, "al tavolo", bei inaweza kupanda maradufu, na orodha ya bei iko ukutani. Kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko kule Venezia hata muziki wa bendi unaingizwa kwenye bili ya aliyekaa.

Houston ni habari nyingine kabisa, na ni vizuri umeuliza mapema. Italia bei ya kwenye menyu ina kodi tayari, kama hapa Tanzania, ambako VAT huwa imeshaingia. Marekani haina. Kodi ya mauzo kule inatofautiana jimbo kwa jimbo na hata mji kwa mji. Oregon hawana kabisa, Houston ni asilimia 8.25. Kwa hiyo menyu inaandika bei tupu, na kodi inaongezwa mwishoni. Juu yake inakuja bakshishi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu kwetu bakshishi ni hisani, chenji unayomwachia kijana. Texas ndiyo mshahara wa mhudumu. Sheria ya nchi inamruhusu tajiri amlipe mhudumu wa mezani dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu mwaka 1991, iwapo bakshishi itafidia hadi kima cha chini cha kawaida. Ukiondoka bila kuacha kitu, umemfanyisha kazi karibu bure. Kima cha heshima ni asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi.

Tufanye hesabu moja. Wewe, binti yako na mkweo mmeagiza vyakula vya dola 60. Kodi ni 4.95. Bakshishi ya asilimia 20 ni 12. Mtatoka na dola 76.95. Basi ukishika menyu ya Houston, kila unapoona kumi soma kumi na tatu, hutashtuka. Ukilipa kwa kadi utaletewa karatasi yenye mstari wa "Tip" na chini yake "Total". Unajaza kwa mkono wako mwenyewe. Kabla hujajaza, angalia juu kama hakuna neno "Gratuity", yaani bakshishi iliyokwisha kuingizwa. Kundi la watu sita au zaidi mara nyingi huwa limeshatozwa, kwa kawaida asilimia 18, na hapo ule mstari wa "Tip" unauacha wazi. Na kwa kuwa Houston iko karibu na Ghuba ya Meksiko na samaki ni wengi, utakutana na "Market Price" au "MP", yaani bei ya soko, pale ambapo bei ingekaa. Huyo ni ndugu yake etto. Uliza. Maji ya bomba yenye barafu huletwa bure. Usione vibaya kuyaomba.

Nimeacha jumuiya mwisho kwa makusudi.

Usirudishe hizo euro 240. Nasema hivi nikijua utatamani kunibishia. Ukizitoa kimya kimya mfukoni mwako, yule mama anayesema ulipewa chako atapata ushahidi aliokuwa anautafuta, na miaka yako tisa itafungwa kwa kosa ambalo hukulifanya. Kosa lako ulilonalo ni moja: ulisema "bei ni nzuri" kabla ya kuuliza. Hilo liseme mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wote wanane. Toa nakala za risiti, kila mmoja aishike. Pitia mstari kwa mstari kama nilivyopita hapa, igawe 217 kwa saba mbele yao. Kisha uliza kama mnaona vema chakula kigawanywe sawa kwa wote wanane, yaani karibu euro 37 kila mtu, maana wote mlikula. Mfuko ukirudi kwa njia hiyo, umerudishwa na watu wanane, na wewe umelipa fungu lako kama wenzako. Na yule mama akirudia neno lake baada ya hapo, mwachie mwenyekiti wa jumuiya. Si la kujibiwa na wewe.

Ila kabla ya kikao, nenda kwa mzee. Usimwite aje, mfuate kwake. Mwambie kuhusu Assisi kwanza, kabla hujataja fedha: kwamba unajua alikuwa na nia gani, na kwamba kila ukilala unaikumbuka. Kama ana nafasi ya kukusikiliza, pendekeza Misa ya kumwombea marehemu iombwe na ninyi wanane kwa pamoja, hapo hapo parokiani, kwa jina la safari ile. Halafu mwombe akuonyeshe ile picha aliyopiga. Ni ya samaki wawili juu ya sinia, na sote tunaweza kuhesabu hadi mbili. Kila aliyekuwepo aliwaona kwa macho yake ni wawili, wakubwa, kabla hawajaingia jikoni. Mwombe aje nayo kwenye kikao, na aionyeshe yeye.